Koili Niliyoihesabu Mimi

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Asubuhi ile mvua ilinyesha kidogo kidogo bila upepo, mvua ya kulowesha mabega tu, na ukuta wa uani ukabaki na mabaka meusi ambayo hayakukauka mpaka saa sita. Naandika tarehe na hali ya hewa kwa sababu ndivyo mwalimu wetu wa masomo ya jioni anavyotutaka tufanye juu ya kila ukurasa wa vipimo. Siku hiyo nilifungua skrubu sita nyuma ya spika ya kulia ya marehemu mume wangu, nikauchomoa ubao uliokuwa ndani, nikauviringisha kwenye taulo na kuutia mkobani pamoja na daftari. Nilisali kabla ya kushika bisibisi. Nilisali tena baada ya kuiweka chini.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye naishi naye, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele.

"Sasa unampasua ndugu yangu mchana kweupe," alisema.

Nikamwambia nakwenda kupima tu. Akasema mtu wa miaka hamsini na saba ana miwani mbili, moja ya kusomea ubao na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza, halafu anajiita mwanafunzi. Alisema hivyo akitabasamu, lakini hakulitazama lile tundu nyuma ya boksi. Tangu msiba hakuwa akiyatazama yale maboksi kabisa. Alipita mbele yake upesi, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Mume wangu alikuwa fundi wa spika, na mtaani walimwita Sikio. Hakuwa na duka. Alifanyia kazi chumba cha nyuma, penye meza moja na dirisha moja. Maboksi yake ya plaiwudi nene aliyapiga msasa mpaka kiganja kikipita hakikwami popote, lakini ukimuuliza kazi yake ni ipi hasa, hakukuonyesha boksi. Alikuonyesha krosova.

Ndani ya boksi kuna spika kubwa ya sauti nzito na spika ndogo ya sauti nyembamba. Krosova ni ubao wenye vitu vichache unaoamua nani kati yao aimbe nini. Koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, huzuia sauti nyembamba zisiende kwenye spika kubwa. Kapasita huzuia sauti nzito zisiende kwenye spika ndogo. Pale zinapopokezana, mume wangu alikuwa akisema, ndipo lilipo koo la binadamu, na fundi asiyepajali pale anatengeneza kelele. Akifungua boksi la dukani akakuta kapasita moja inaning'inia kwenye waya, alilifunga tena bila kusema neno, kama daktari aliyeona kitu asichotaka kumwambia mgonjwa. Za kwake alizilehemu taratibu, koili moja imelala na nyingine imesimama, mbali mbali, kwa sababu koili zikikaa ubavu kwa ubavu, alisema, zinasengenyana.

Koili alizizungusha mwenyewe kwa mashine aliyoiunda kutokana na gurudumu la cherehani. Mkono wa kulia ulizungusha mpini, wa kushoto uliongoza waya ukae mstari mmoja bila kupandana. Kuhesabu hakuweza. Alisema akianza kuhesabu tu, mkono wa kushoto unalala. Basi kwa miaka ishirini na miwili niliketi kwenye kigoda karibu na goti lake, nikahesabu mimi. Sikuhesabu kwa namba. Nilihesabu kwa tasbihi yangu yenye shanga mia moja: kila mzunguko ushanga mmoja, na kila ushanga shukrani moja kwa Mungu, moyoni, bila sauti. Koili ya spika kubwa ilitaka mizunguko mia mbili na ishirini. Tasbihi mara mbili, na shanga ishirini juu yake. Ile ya spika ndogo ilitaka themanini tu. Wateja walijua, wakawa wanatania kwamba spika za Sikio zimeombewa, hata umeme ukikatika zinaendelea kuimba kwa imani.

Kila jozi ilipokamilika aliiweka sebuleni, hatua tatu kati ya boksi na boksi, akawasha redio kwenye taarifa ya habari, akaketi mbele. Jozi ikiwa sawasawa, sauti ya msomaji haitoki kulia wala kushoto. Inatoka katikati, hewani, mahali pasipo na kitu. Watu waliosikia kwa mara ya kwanza walisimama wakaenda kupapasa ukuta. Mume wangu aliwaacha wapapase, halafu akawauliza kwa upole, "Umemwona?"

Jozi yake ya mwisho, hii iliyobaki sebuleni kwetu, haikumleta huyo mtu. Sauti ilianza katikati vizuri, lakini kila msomaji alipoinua sauti kidogo ilisogea upande wa kulia, na alipoishusha ikarudi. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hasimami," aliniambia. "Anatembea."

Alitafuta kosa kwa wiki sita. Alibadilishana maboksi, la kulia likaenda kushoto, na sauti ikatembea kuelekea kushoto, kwa hiyo akajua tatizo limo ndani ya lile boksi moja. Alibadilisha spika ndogo. Alibadilisha spika kubwa. Alibadilisha kapasita mara tatu, na mara ya tatu alikwenda dukani kwa rafiki yake wa miaka mingi, muuza vipuri anayeitwa Miguu kwa sababu kila akiuza kapasita lazima kwanza azinyooshe kwa vidole nyaya zake mbili, yaani miguu ya kapasita, akamwambia mbele ya wateja kwamba ameanza kuuza takataka kwenye ganda jipya. Miguu alizipokea zilizorudishwa, akampa nyingine. Mume wangu alirudi nyumbani amekunja uso, akatembea kutoka kwenye kiti hadi kwenye boksi, kutoka boksini hadi kitini, bila viatu.

Jioni moja ya wiki hizo wifi alimuuliza kama ameziangalia na hizo koili. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia akijibu.

"Koili kahesabu mke wangu. Hizo ziache."

Mwisho alisema kila kitu ndani ya boksi sasa ni kipya na ni sawa, kwa hiyo kibovu kilichobaki ni yeye. Aliwatangazia watu kwamba masikio yamemuaga. Mtu aliyeitwa Sikio. Aliifunika mashine kwa shuka, hakuigusa tena, na mwezi wa nne baada ya hapo moyo wake ulisimama akiwa amekaa kwenye foleni ya kulipia maji. Siku ya maziko Miguu alikuja, lakini alibaki nje ya geti, kwa kuwa wifi alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika kwamba mwizi wa masikio ya ndugu yake akiingia yeye atatoka. Habari zikaenea. Mafundi wakaacha kununua kwake. Nilipita pale mara moja nikaona rafu zenye visanduku vitupu, naye ameketi nyuma ya meza akisoma gazeti la juzi.

Hayo yalitokea mwaka jana. Spika zikabaki sebuleni, na kila asubuhi niliwasha redio kusikiliza kipindi cha sala. Msomaji wa kipindi hicho ana sauti nzito ya mtu mzima. Anaanza katikati ya chumba. Akifika kwenye jina la Mungu huinua sauti, na hapo husogea kulia, taratibu, mpaka mbele ya boksi; halafu hurudi. Nenda, rudi. Sina lugha nzuri ya kulieleza jambo hili. Najua mtu aliyekufa hayumo redioni. Lakini mwendo ule niliujua, niliusikia wiki sita kwenye sakafu ile ile, na wakati mwingine niliinua miguu yangu juu ya kiti ili nisimzuie njia. Wifi naye alisikia. Siku moja alizima redio akaniambia, bila kunitazama, kwamba ndugu yake bado anatafuta kilichomuua, na mimi namwashia taa.

Ndiyo maana nilijiandikisha masomo ya jioni, kozi ya elektroniki ya miezi kumi. Nilitaka alale. Darasa letu ni chumba chenye madirisha yaliyopakwa rangi nusu, benchi za mbao zenye alama za kuungua, na harufu ya risasi ya kulehemu isiyotoka kwenye nguo. Tuko tisa: kuna mlinzi, mwashi, mafundi simu wawili, na kinyozi mnene ambaye hulala macho wazi. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sehemu za desimali nimezijua mwaka huu, na bado namshukuru Mungu kila nukta inapokaa mahali pake.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeupeleka ubao wa spika ya kushoto. Mita ilisema koili yake kubwa ni milihenri moja nukta tano, kama mchoro wa mume wangu ulivyotaka. Alhamisi ile niliuweka mezani ubao wa kulia. Mwalimu, binti mwenye umri wa kitinda mimba wangu, aliachanisha ncha moja ya koili kubwa, akashikisha nyaya za mita. Moja nukta mbili sita. Akajaribu mita nyingine. Ile ile.

"Hii ndiyo, Mama," alisema. "Hii ni ndogo. Spika yake kubwa inaimba juu zaidi ya mwenzake, kwa hiyo sauti ikipanda boksi hili linaivuta." Akaongeza kwa upole kwamba fundi atakuwa alikosea kuhesabu, na ni jambo linalotokea kwa yeyote.

Kinyozi aliamka. "Sikio? Sikio hakosei, Mwalimu. Alinitengenezea mimi jozi, nakaa nayo miaka minane."

Wakanitazama mimi, mjane wa fundi, nimtetee. Nikaivuta koili karibu nami. Mwalimu akanishauri nifungue waya wote pale pale benchini nihesabu mizunguko, ili tujue. Nilihesabu kwa namba, kwa sauti, kama mtoto. Mlinzi alishika koili, mimi nikavuta. Waya ulipoisha tulikuwa mia mbili na mbili. Imepungua kumi na nane.

Wenzangu walipotoka kwa mapumziko nilibaki. Nilitoa tasbihi mkobani nikaiweka juu ya daftari, nikahesabu shanga kwa ncha ya penseli. Nikarudia. Tisini na moja. Tisa hazipo, na tasbihi ilikuwa imezunguka mara mbili.

Kamba ya tasbihi ilikatika mwaka juzi, kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Shanga zilikimbilia chini ya kabati, chini ya ndoo, kwenye ufa wa sakafu. Niliokota nilizoziona, nikazitunga upya siku ile ile, nikaishika mkononi nikahisi ni nyepesi. Hilo nalikumbuka vizuri. Nilihisi ni nyepesi. Nikajiambia kwamba Mungu hahesabu, anasikiliza, na kwa upande wa sala sidhani nilikosea. Lakini kesho yake niliketi kwenye kigoda na tasbihi hiyo hiyo, mume wangu akashika mpini, nami nikamhesabia koili ya kulia ya jozi hii; ya kushoto tulikuwa tumeimaliza kabla kamba haijakatika.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo sikukumbuka tena. Siyo kweli. Jioni ile nilipokuwa jikoni, aliposema koili kahesabu mke wangu, wazo lilipita. Lilipita haraka, kama mtu anayechungulia chumba na kuondoka. Ningeweza kutoka nikasema, hebu ngoja kwanza. Badala yake nilianza kusali kwa ajili ya masikio yake. Nilisali kwa bidii, kwa machozi, kwa wiki nne, na kila nilipomaliza nilikuwa nimeweka ukuta mwingine kati yangu na lile wazo. Sijui kama kuna dhambi yenye jina la namna hiyo. Nimeitafuta na sijaipata.

Ijumaa mchana niliiondoa shuka juu ya mashine. Nilikuwa na waya mpya wa shaba wa unene ule ule. Nilikaa kwenye kiti chake, si kwenye kigoda, mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye waya, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mara ya kwanza nilipotea kwenye sabini na kitu. Mara ya pili waya ulipanda juu ya mwenzake. Alikuwa amesema kweli: ukihesabu, mkono wa kushoto unalala.

Wifi alikuja akasimama mlangoni. Akauliza kelele za nini. Kisha, bila kuombwa, akavuta kigoda, akachukua kipande cha chaki kwenye kopo la marehemu, akasema nimtajie kila kumi naye ataweka mstari sakafuni. "Nizungushie taratibu," alisema, "mimi ni mzee na sakafu iko mbali." Tulikwenda hivyo mpaka mistari ishirini na miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mahali pangu pamekaliwa na mtu mwingine, na nikaona jinsi aliyekaa pale alivyo karibu. Aliyezungusha asingeweza kukosa kumwamini.

Nililehemu koili mahali pake, nikarudisha ubao, nikakaza skrubu sita. Saa kumi nikawasha redio. Alikuwa msomaji wa habari, mwanamume, anaeleza bei za mbolea. Aliinua sauti, akashusha, akainua. Hakusogea. Alisimama katikati, baina ya maboksi, kimo cha mtu aliyeketi.

Wifi aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka. Alisogea mpaka pale katikati, akanyoosha mkono hewani, akaurudisha.

"Amepumzika," alisema. Halafu akajifuta kwa kanga yake na uso wake ukabadilika. "Si nilisema mimi? Zilikuwa kapasita za yule mwizi. Mwalimu wako kazitoa, hiyo koili yetu ni ya kumalizia tu, umeona? Kesho nakwenda mwenyewe. Nitamwambia mbele ya wateja wake, kama anao."

Nilifungua mdomo. Redio ilikuwa inaendelea na bei za mbolea. Nikaufunga.

Naliandika hili waziwazi: kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri. Spika zimepona. Wifi ameridhika. Miguu alikwisha kuzoea kuitwa mwizi. Darasani hakuna aliyejua zaidi ya kwamba fundi alikosea kidogo. Ningeweza kuishi hivyo, na nilifikiri kwa usiku mzima kwamba ningeweza.

Lakini Jumamosi asubuhi niliwasha kipindi cha sala kama kawaida yangu, na yule msomaji mwenye sauti nzito hakutembea. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeomba atulie. Sasa alikuwa ametulia. Alifika kwenye jina la Mungu, akainua sauti, akabaki pale pale, mbele yangu, hatua mbili kutoka kwenye magoti yangu, pasipo na mtu. Mtu anayetafuta kitu hakutazami. Huyu alikuwa amemaliza kutafuta. Nilihamia kiti cha pembeni. Nilikwenda jikoni. Kokote nilikosimama nilijua amesimama wapi, na ameelekea wapi. Nilishika tasbihi nisali, na vidole vikaanza kuhesabu vyenyewe, tisini, tisini na moja, na pale palipobaki pengo sikuweza kuendelea. Nilizima redio. Kimya kilichofuata kilikuwa na umbo lile lile.

Nikasikia geti. Wifi alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta dukani. Hakuwa amechelewa kuanza. Mikono iko kiunoni, sauti iko juu, na mbele yake Miguu amesimama nyuma ya meza ya kioo, vidole vyake vikinyoosha miguu ya kapasita moja ndogo, ikiwa imeshanyooka zamani. Kinyozi wa darasani kwetu alikuwepo, amefuata fyuzi. Walikuwepo pia mafundi wawili wa redio waliokuwa wakipita tu, ambao sasa walikuwa hawapiti tena. Wifi alikuwa anasema kwamba jana ameyasikia kwa masikio yake, takataka zimetolewa na spika zimepona, na kama mtu ana haya hata kidogo ataweka kufuli mlangoni.

"Wifi," nilisema. "Sijabadilisha kapasita."

Aligeuka. Nikasema tena, kwa sababu mara ya kwanza sauti yangu ilitoka ndogo. Nikasema kapasita zilizomo ni zile zile alizouza shemeji Miguu, na ni nzima. Nilichobadilisha ni koili. Nikaeleza kuhusu tasbihi, kuhusu kitasa cha mlango na shanga tisa. Nikaeleza na ile jioni ya jikoni, ambayo sikuwa nimepanga kuieleza. Nilieleza vibaya, bila mpangilio, nikirudi nyuma.

Wifi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kreti.

"Kwa hiyo masikio yake," alisema.

"Yalikuwa mazima. Mpaka siku ya mwisho."

"Na wewe ulijua."

"Sikujua kwa hakika. Nilikataa kwenda kuangalia."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, ningejua niyaweke wapi. Alitazama sakafu tu, kama mtu anayehesabu kitu pale chini, na nikaona kwamba nimemrudishia ndugu yake na nimemuua tena, kwa sentensi moja.

Miguu aliiweka ile kapasita chini. Nilimwomba msamaha. Nilimwita shemeji, kama nilivyomwita kwa miaka yote kabla. Alipojibu alizungumza na meza.

"Alipozirudisha nilizipima zote, shemeji, moja moja. Zilikuwa nzuri. Nikasema basi mita yangu imekufa, maana Sikio hawezi kukosea. Nikanunua mita nyingine." Akavuta droo, akatuonyesha mita mbili zimelala ubavu kwa ubavu. "Ikasema vile vile. Nikanyamaza. Nilimwamini yeye kuliko mita mbili."

Kinyozi alikohoa. Mmoja wa mafundi akavua kofia.

Kisha Miguu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza tangu kamba ikatike hadi mashine kufunikwa, zilitoka spika ngapi nyumbani kwetu. Nilizijua. Zilitoka jozi tatu za wateja, tulizozitanguliza huku hii yetu ikisubiri maboksi. Katika hizo koili zote za spika kubwa ni za tasbihi pungufu, kulia na kushoto, kwa hiyo sauti haitembei; inabana tu kidogo, inasemea puani, na waliozinunua watakuwa wamedhani ndivyo zilivyo. Ndani ya kila boksi, juu ya ubao, mume wangu aliandika jina lake kwa kalamu ya wino.

"Basi zipo huko," Miguu alisema, "zinasema kwa jina lake."

Niliziona zote tatu, kila moja kwenye chumba cha mtu, redio imewashwa, na katikati ya kila chumba mtu asiyekuwepo anazungumza kwa koo lililobanwa na mkono wangu. Nikashika ukingo wa ile meza ya kioo. Wifi aliinuka kwenye kreti, nilidhani anaondoka. Alikuja akasimama kando yangu, si karibu sana, akakunja mikono.

"Haya, sema," aliniambia. "Sema mbele ya hawa, utafanya nini. Mimi sitaki kuisikia nyumbani."

Nikawatazama mmoja mmoja: wifi yangu, Miguu, kinyozi, na wale mafundi wawili nisiowajua.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu mnaonisikia," nilisema, "nitakwenda kwenye nyumba zote tatu. Nitafungua kila boksi, nitazungusha koili zote sita za spika kubwa upya, na nitazileta hapa shemeji azipime kwa mita zake zote mbili kabla hazijarudi. Na kila mwenye nyumba nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba Sikio alisikia vizuri mpaka siku aliyokufa, na duka hili halikumwuzia kitu kibovu. Aliyehesabu vibaya, akanyamaza, ni mimi. Naanza Jumatatu."